Kuupima Mtandao wa Kompyuta kwa Hatua

Mwalimu wa kompyuta hana budi kuutafuta ugonjwa wa mtandao kabla ya kuutibu. Sisi wakufunzi tumeona mara nyingi kwamba mtandao unapokatika, kila mwanachuo hugusa apendapo: huyu huzima mashine, yule huchomoa waya, mwingine hubadilisha mipangilio. Mtandao ukirudi, hapana ajuaye sababu. Usiporudi, kasoro moja imekwisha kuwa tatu.

Yafaa tuanze karibu na kwenda mbali, tukibadilisha jambo moja tu kila mara. Kwanza tutazame kama waya umekaa barabara pande zote mbili, na kama taa ndogo penye tundu lake inawaka. Kisha tutumie amri ya ping, iliyotungwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi wa Desemba 1983 alipokuwa akichunguza kasoro ya mtandao. Aliipa jina la mlio wa chombo kinachopeleka sauti majini na kungoja mwangwi wake. Nayo ping hupeleka ujumbe mfupi na kungoja jibu. Tuiulize kwanza anwani 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta yenyewe, halafu ruta, halafu mashine ya mbali, kama 8.8.8.8; mwisho tovuti kwa jina lake. Nambari ikijibu na jina lisijulikane, kasoro i katika huduma ya kugeuza majina kuwa anwani, wala si katika waya. Hata hivyo tusisahau kwamba mashine nyingine zimeagizwa zisijibu; kimya cha mashine moja si ushahidi kamili.

Muhula mmoja kompyuta moja chumbani mwetu ilikatika mtandao, na mwanachuo aliyeitumia jana yake akalaumiwa na wenzake. Tuliwataka wapime kwanza, ndipo wahukumu. Waya ulikuwa mahali pake, lakini taa haikuwaka. Anwani 127.0.0.1 ilijibu, ruta haikujibu. Wakautia waya wa kompyuta ya jirani: taa ikawaka, ruta ikajibu. Waya wa kwanza ulikuwa umekatika kwa ndani, pale ulipokandamizwa na mguu wa meza. Walimwomba mwenzao radhi mbele yetu.

Shule isiyo na kompyuta yaweza pia kufundisha jambo hili. Wasimamisheni watoto watano katika mstari, wapokezane kadi hadi mwisho na kuirudisha. Mnong'onezeni mmoja asiipitishe. Darasa limtafute kwa kupeleka kadi kwa mtoto wa pili, kisha wa tatu, na kuendelea, mpaka kadi isiporudi. Kila hatua watoto waandike walichokiona kabla ya kusema wanachokidhani. Wakizoea hivyo, hawatakuwa wepesi wa kumtwika mwenzao lawama ya waya uliokatika.