Chai ya Magokoro

Mimi mtu wa Likoni, na kilima cha Nyamira kimenitia adabu. Nimeshuka matatu, nikapanda kuelekea hospitali, na kabla ya hatua mia nikasimama kujifanya natazama michai. Huku ni karibu mita 2,000 juu ya bahari. Oksijeni hewani ni asilimia 21 ileile ya kwetu, ila hewa yenyewe imepungua uzito kwa takriban moja ya tano.

Mpwa wangu hana pa kusimama akapumzika. Kazaliwa wiki saba kabla ya siku zake, na vifuko vya hewa ndani ya mapafu vinagandamana kila atoapo pumzi, mithili ya mfuko wa plastiki uliolowa.

Mwaka juzi, Nairobi, nilimtazama mtoto wa rafiki yangu kwenye mashine ya mitetemo. Ile haipulizi pumzi tunayoijua. Inayashikilia mapafu yasifunge, kisha inatikisa hewa mara 10 hadi 15 kwa sekunde, yaani mpaka 900 kwa dakika; kichanga mwenyewe hupumua 40 hadi 60. Kila mtikisiko ni mdogo, hautoshi hata kujaza koo na mirija, lakini hewa huchanganyika, oksijeni ikafika na kaboni dioksidi ikatoka, bila mapafu kuchanwa na pumzi kubwa. Kifua hakipandi wala hakishuki. Kinatetema hadi kitovuni, na chumba kizima kinanguruma kama boda boda iliyoachwa ikiwaka nje ya duka. Kwa watu wazima imevunja moyo: majaribio mawili makubwa ya 2013 hayakuokoa wagonjwa zaidi, na katika moja waliongezeka waliokufa.

Hapa Nyamira mpwa wangu ana chupa ya maji. Mpira mmoja unaleta oksijeni puani, mwingine unaitoa na kuzama majini. Sista kabandika plasta yenye alama za sentimita, kauzamisha hadi 5, na hiyo ndiyo presha inayozuia mapafu yasifunge. Sentimita ya maji haijui mwinuko; 5 ya Likoni ni 5 ya hapa. Mapovu nayo hukitikisa kifua kidogo, ingawa madaktari bado wanabishana kama mtikisiko huo unasaidia kitu. Mtoto aliyeacha kupumua mwenyewe, chupa haimfai.

Magokoro, yaani nyanya kwa Kigusii, mama mkwe wa dada yangu, kaisikiliza ikitokota.

“Sista, hiyo chai itaiva lini?”

“Ikinyamaza, magokoro, niite. Mdomo umefunguka au mpira umechomoka.”

Saa nne usiku stima zikapotea. Mashine ya oksijeni ikazima, chupa ikanyamaza. Magokoro alikuwa wima kabla yangu. Nilifika kumi na nne nikihesabu gizani, ndipo nikasikia spana kwenye mtungi wa oksijeni, halafu maji yakaanza kutokota tena.

Magokoro akaketi, akavuta leso.