Kiatu cha Kupandia Mlima

Mtu akisimama mjini Moshi asubuhi, kabla mawingu hayajatanda, huuona Mlima Kilimanjaro wote, tangu migomba ya chini hata barafu ya Kibo. Kwa macho huonekana karibu, kana kwamba kijana mwenye nguvu angeweza kuondoka alfajiri na kurudi kabla ya jua kuchwa. Lakini kilele cha Uhuru ni mita 5,895 juu ya bahari, na safari ya kwenda na kurudi huchukua siku tano au zaidi. Katika siku hizo zote mwili mzima hubebwa na nyayo mbili. Kwa hiyo mpanda mlima mwenye akili huanza safari yake kwa kufikiri habari za viatu.

Hakuna kiatu kimoja kifaacho kwa kila kazi. Mrina asali apandaye mti msituni huvua viatu, kwa maana vidole vya mguu mtupu vyajua kushika gome. Lakini mtu ajifungaye miiba ya chuma miguuni ili apande mti, kama wafanyavyo baadhi ya wawindaji wa Marekani na mafundi wa nguzo za simu, hawezi kwenda miguu mitupu. Huyo hutaka buti lenye soli ngumu na kisigino kilichosimama, ili chuma kisiteleze wala kisimwumize. Soli ikiwa laini, uzito wote wa mwili hukaa juu ya chuma chembamba, na mguu huchoka upesi. Basi kiatu huchaguliwa kwa kazi yake, wala si kwa uzuri wake.

Wazee wa Kilimanjaro waliyajua haya kwa uchungu. Johannes Rebmann, mmisionari aliyeiona theluji ya mlima huu mwaka 1848, alisimuliwa ya kuwa zamani Mangi Rengua wa Machame alituma watu wapande wakatazame kile kitu cheupe kilichong'aa juu. Ilisemekana kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyerudi, na mikono na miguu yake ilikuwa imeharibika kwa baridi. Hawakukosa ushujaa watu wale. Walikosa mavazi na viatu.

Hata mgeni mwenye mali hakuweza kuushinda mlima bila vyombo vinavyofaa. Hans Meyer, Mjerumani, alipanda mwaka 1887, lakini alipofika kwenye ukuta wa barafu alilazimika kurudi. Akaja tena mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari wa Austria. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao katika kambi ya juu. Safari hii walikuwa na mashoka ya barafu, wakachonga ngazi hatua kwa hatua katika barafu ngumu, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni.

Njia ya mlimani hubadilika kila siku, na kiatu hujaribiwa kwa namna nyingi. Kwanza ni msitu, penye matope na mizizi itelezayo. Hapo soli yataka meno marefu. Kisha ni nchi ya vichaka na mawe, ambapo kiatu kirefu hukilinda kifundo cha mguu kisiteguke. Zaidi ya mita 4,000 ni jangwa la vumbi na upepo. Mwisho ni mteremko mkali wa changarawe, upandwao usiku katika baridi kali.

Baridi hiyo ina werevu wake. Mwili ukiona baridi nyingi huzuia damu isiende mbali, ipate kuutia moyo joto. Basi vidole vya miguu ndivyo viachwavyo kwanza. Kiatu kikibana, damu kidogo iliyobaki huzuiwa nayo, na nyama ya kidole yaweza kuganda na kufa. Kwa hiyo mtu avaaye soksi tatu katika kiatu chembamba hupata baridi kuliko mwenye soksi moja nene katika kiatu chenye nafasi.

Viatu vijaribiwe jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi ya mchana, tena kwa soksi zile zile za safari. Vidole visiguse mbele. Maana wakati wa kushuka mguu husukumwa mbele kila hatua, na kucha hugeuka nyeusi na kung'oka. Kisigino kisipande na kushuka ndani, kwa kuwa hapo ndipo malengelenge huzaliwa. Kiatu kipya kivaliwe nyumbani majuma kadhaa, kipate kuuzoea mguu. Buti la mitumba laweza kuwa zuri, lakini likunjwe na kutazamwa sana: gundi iliyozeeka huachia, na soli hubanduka njiani. Likilowa, lisiwekwe karibu na moto, bali lijazwe karatasi, likauke pole pole.

Mashauri haya si kwa wageni tu. Wachukuzi wa Kilimanjaro, waitwao wagumu, hupanda na mizigo ya watu wengine, na wako waliopanda kwa raba zilizotoboka kwa sababu hawakuwa na fedha ya kununua buti. Mwaka 2003 lilianzishwa mjini Moshi shirika liitwalo Kilimanjaro Porters Assistance Project, ambalo huwaazima wachukuzi mavazi na viatu vya mlimani bila malipo. Hiyo ni kazi ya haki. Kwa maana baridi haiulizi nani ni tajiri na nani ni mchukuzi, na kidole kilichokufa hakirudi kwa mmoja wala kwa mwingine.

Wahenga walisema, "Tahadhari kabla ya hatari." Mtu aweza kumwazima mwenziwe fimbo au blanketi njiani, lakini kiatu kisichofaa, akiwa kwenye changarawe usiku wa manane, hana pa kukibadilishia. Kazi ya kuchagua huisha chini, penye migomba.