Maneno Matamu ya Jukwaani

Wahenga walinena kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Hapa kwetu Salgaa niliyashuhudia mwaka wa 2022. Bwana William Ruto, Naibu wa Rais tangu 2013, alijiita hasla aliyewahi kuuza kuku kando ya barabara. Alama ya chama chake ikawa wilbaro. Madereva wa malori, akina mama wa mahindi choma na vijana wa bodaboda wakasema, "Huyu ni mtu wetu!" Siwalaumu. Ni nani mwingine aliyekuwa amewataja kwa heshima? Agosti akachaguliwa Rais.

Julai 2023 ushuru wa VAT wa mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Salgaa huishi kwa malori, basi kila kibanda kiliumia. Angalikuwa mgeni aliyetupandishia, tungalipiga kelele. Lakini wengi walinong'ona tu, "Tumpe muda, ni wetu."

Hapo ndipo nilipoelewa: mvuto humpa kiongozi kura zetu, kisha humpa kimya chetu.

Wanafunzi wenzangu, siku yenu ya kupiga kura ikifika, mshangilieni mumtakaye. Ila mwulizeni hesabu kabla ya makofi.