Theluji ya Nebraska

Nebraska, huko Marekani, ni nchi ya uwanda mtupu. Mahali pengi waweza kutembea mchana kutwa usione msitu wa kuuzuia upepo utokao kaskazini, upande wa Kanada.

Tarehe 12 Januari 1888 palipambazuka kwa vuguvugu. Watabiri wa hali ya hewa, ambao siku zile walikuwa askari, walitangaza baridi na theluji. Lakini tangazo halikuwafikia wakulima wengi, wala halikuonyesha ukubwa wa hatari. Basi watoto wakaenda shule bila makoti mazito.

Alasiri tufani ikaja ghafula kama ukuta. Theluji ile haikuwa laini kama ya picha za Noeli. Ilikuwa vumbi jembamba kama unga, laziba macho na pua, mtu asiuone hata mkono wake mwenyewe.

Mwalimu afanye nini? Awazuie watoto, na kuni karibu zimekwisha? Awaache waende zao? Mimi nifundishaye sijui ningechagua lipi. Minnie Freeman, mwalimu kijana wa Mira Valley, alipoona upepo umeng'oa paa la shule, aliwaongoza wanafunzi wake katika giza lile jeupe hata nyumba ya jirani, wakapona wote. Kwingineko walikufa watu 235 hivi, na kati yao watoto wengi. Wengine walikutwa hatua chache tu toka mlangoni.

Wakulima wa kule walizoea kufunga kamba toka nyumbani hata zizini, wapate kuishika waendapo kulisha ng'ombe.