Kashata

Jumatatu, 8 Julai

Kesho saa mbili paka wetu Kashata anafungwa kizazi. Daktari kanipigia mwenyewe kunikumbusha: ale mapema, baada ya hapo asitie kitu kinywani isipokuwa maji. Nimeficha hata mfuko wa dagaa. Ananizunguka miguuni, ananitazama mimi, anatazama kabati. Anajua ulipo. Vumilia mama, kesho ukishazinduka vizuri nitakupa hata chakula changu.

Tumengoja sana mpaka ile hali ya kutaka dume imwishe. Kulia usiku kucha, kujiburura sakafuni, na madume wanapigana juu ya mabati mpaka bati la jikoni limelegea. Daktari alikataa kumgusa siku zile. Kizazi hujaa damu paka akiwa hivyo, alisema, na sisi hatuna haraka. Nikampenda kwa neno hilo.

Bi mkubwa wa nyumba ya pili kanisimamisha barazani. "Mwanangu, kiumbe cha Mungu unakifunga kizazi?" Nikamwambia, bibi, twende jaani nikuonyeshe. Mama yake Kashata yule pale nyuma ya msikiti, tumbo haliishi. Miezi miwili ya mimba, kunyonyesha kidogo, mimba tena. Huku kwetu mchana ni ule ule mwaka mzima, paka hawana msimu wa kupumzika. Na watoto wanaishia wapi? Kashata na dada yake Moshi tuliwatoa ndani ya kiroba kilichofungwa mdomo kwa kamba. Wenzao walikuwa wameshakauka.

Kajitanda mtandio wake vizuri, kasema, "Haya."

Gauni la bi harusi ninaloshona limebaki mkono mmoja. Leo kazi haiendi.

Jumanne, 9 Julai

Nimemwacha kule. Kikapu cha ukili, khanga yangu kuukuu chini. Daktari kampima kwanza: uzito, moyo, joto. Kilo mbili na nusu. Kamwinua mdomo, kabonyeza ufizi kwa kidole, ukawa mweupe, halafu damu ikarudi papo hapo, rangi yake nzuri ya waridi. Kanionyesha. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. "Mzima huyu," kasema. Na Kashata kamng'ata kidole. Vizuri.

Saa tano. Nashona, nafumua. Nashona tena.

Saa saba, simu. Imekwisha, salama. Alhamdulillahi! Nimepiga kigelegele peke yangu dukani, mteja kanishangaa.

Usiku. Yuko nyumbani. Macho yamekodoka lakini haoni kitu, ndivyo ile dawa ya usingizi ilivyo, kapakwa mafuta yasikauke. Shingoni kavishwa kola. Tumbo limenyolewa, ngozi yake chini ya manyoya ina madoa yale yale ya juu, sikujua. Nimeutazama mshono kwa taa. Mfupi, haufiki urefu wa kidole gumba changu. Uzi wa buluu. Mafundo yamekazwa kiasi, hakuna lililovuta ngozi, hakuna lililolegea. Kazi ya uzi ndiyo inayonilisha, mkono uliofanya haraka naujua nikiuona. Huu haukufanya haraka.

Moshi kamnusa, kamfokea, kakimbilia darini. Harufu ya dawa hiyo.

Jirani wa juu kaleta nusu ya Panadol, masikini, kwa wema wake. Nimeipokea, nimemshukuru, nimeitia mfukoni. Paka hapewi. Mwili wake hauwezi kuivunja dawa ile, hata nusu kidonge huweza kumwua. Sindano ya maumivu keshachomwa kule kule.

Mwanangu anataka kulala naye sakafuni. Haya, alale.

Jumatano, 10 Julai

Saa tisa usiku. Baridi. Masikio baridi, nyayo baridi. Si kipupwe hiki, ni yeye. Nimemfunika, nimetia maji ya moto kwenye chupa nikaizungushia taulo. Hata kutetemeka hatetemeki. Nimemwinua mdomo kwa tochi ya simu. Ufizi hauna rangi. Nimebonyeza kama daktari alivyobonyeza, hakuna kilichobadilika, mweupe kabla na mweupe baadaye. Tumbo limetuna.

Daktari kapokea simu mlio wa kwanza. "Mlete sasa hivi."

Saa kumi na moja. Niko kwenye benchi. Baba watoto kaendesha vespa, mimi nyuma nimempakata ndani ya khanga, sikuhisi uzito. Njia nzima nilikuwa nikimwita jina. Adhana zinapokezana nje. Kipimajoto kilisoma 35. Paka anatakiwa awe 38 na kitu. Damu inavuja ndani, kasema, imebidi amfungue tena.

Nimesema mchukueni Moshi, damu ya Moshi, ni dada yake wa tumbo moja. Kanijibu kwa upole, mikono tayari imo ndani ya glavu. Paka nao wana makundi ya damu, hasa A na B, na ndugu si lazima wawe kundi moja. Likiingia lisilo lake linaweza kummaliza pale pale. Hapa hana cha kupimia. Na Moshi mwenyewe bado mdogo. Dripu tu, na Mungu.

Jua limetoka. Mshipa kaupata, upande wa kushoto, pale mfuko wa mayai ulipokatwa, kaufunga upya. Anapumua. Nimeshika mguu wake usio na dripu. Chini ya wayo vidole vyote vya waridi isipokuwa kimoja cheusi. Nilikuwa namwambia, wewe umekanyaga wino wa nani?

Saa tatu.

Innalillahi.

Alhamisi, 11 Julai

Huku mjini hakuna hata kipande cha udongo, nyumba na mawe tu. Tumempeleka Fuoni kwa mama.

Mama hajapata kumpenda paka ndani ya nyumba. Tumefika, shimo tayari. Kachimba mwenyewe kwa jembe lake, karibu na mchungwa, refu kushinda nilivyotarajia. "Mbwa wa huku wanafukua," kasema. Nimemzungushia satini, mabaki ya gauni lile, maana kila nikigeuka alikuwa keshalala juu yake. Mama kaweka mawe juu, moja moja, kayashindilia kwa mguu. Halafu kaondoka kwenda jikoni. Tukaletewa chai na muhogo wa nazi. Mwanangu kala. Mimi nimeshindwa kumeza. Mama hakunilazimisha, na tangu nizaliwe hajapata kuniacha niache chakula.

Hakusema "ni paka tu." Sitamsahau kwa hilo.

Kurudi, ndani ya daladala, kikapu kitupu mapajani. Konda: "Mama, kuku wote wamekwisha?" Nikamjibu, wamekwisha.

Ijumaa, 12 Julai

Moshi anamtafuta. Kaingia kabatini, kaingia chini ya cherehani, kanusa pedali upande ule Kashata alikokuwa akikaa. Anaita, ananyamaza, anasikiliza. Anaita tena. Nimemfungulia milango yote aone mwenyewe.

Wenye gauni wamelifuata. Wamelipenda, wamelipa na ziada juu. Kwenye pindo, kwa ndani, kulikuwa na unywele mmoja wa kahawia. Nimeuona. Sikuutoa.

Jioni bi mkubwa kapita. "Nilikwambia, mwanangu. Kizazi ni cha Mungu."

Nimejua adabu yangu, nimenyamaza. Lakini ndani nawaka, hata sasa naandika mkono unatetemeka. Kile kiroba alikifunga nani? Kamba ile ilifungwa na mkono wa mtu, na hakuna aliyepita barazani kumwuliza kizazi ni cha nani. Mimi ndiye ninayeulizwa.

Na mwanangu kasikia. Usiku kaniuliza, "Mama, Mungu katukasirikia?" Nimemwambia hapana. Tulimhurumia, na aliye na huruma Mungu hamkasirikii. "Sasa mbona hakupona?" Nimemvuta nikamlaza kifuani. Nilimtafutia jibu mpaka akalala, sikulipata.

Jumapili, 14 Julai

Daktari kaja nyumbani. Kavua viatu mlangoni, kakaa mkekani nasi. Nilidhani nitamfokea. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Alhamisi.

Kaeleza yote bila kuulizwa. Ule mshipa aliufunga mara mbili, kama anavyofanya siku zote. Kabla ya kushona tumbo aliangalia, pakavu. Lakini mnyama akiwa usingizini presha yake huwa chini. Anapoamka presha hupanda, na mahali palipokuwa pakavu panaweza kuanza kuvuja taratibu, ndani, hakuna anayeona. Au huenda damu yake haikuwa ikiganda sawasawa. Wapo wanaozaliwa hivyo. Wapo wanaokula panya aliyekula sumu, maana sumu nyingi za panya kazi yake ndiyo hiyo, kuzuia damu isigande, na paka anayemla yule panya huipata na yeye.

Hapo nilishtuka. Vichochoro vyetu hivi sumu iko kila kona. Na Kashata alikuwa mwindaji.

Lipi kati ya hayo, hatutajua. Kasema hivyo hivyo, hatutajua, wala hakujaribu kunichagulia lililo jepesi. Macho yake mekundu. Upasuaji huu ndio kazi yake ya kila siku, na paka wengi mno wanarudi makwao jioni wakidai chakula. Pesa ya usiku ule kaikataa, kausukuma mkono wangu.

Maneno yangu niliyoyapanga hata moja halikutoka. Nimemtilia kahawa. Nimemtilia tena.

Jumatano, 17 Julai

Siku mbaya. Nimelia sokoni Darajani mbele ya mafungu ya dagaa, muuzaji kadhani nalilia bei, kanipunguzia.

Wifi kwenye simu: "Paka tu wifi yangu, mtaani wamejaa." Kweli wamejaa. Ndiyo nini sasa? Hao waliojaa hakuna aliyekuwa akiniibia bobini akaipeleka kitandani kwa mwanangu. Hakuna aliyejua kwamba nikikata kitambaa siguswi, akangoja, na mkasi ukitua tu mezani akapanda kunilalia mkononi. Alinijua. Miezi saba ya umri wake mzima, na alinijua.

Basi. Nimeandika, imepungua kidogo.

Jumamosi, 20 Julai

Madume wamerudi juu ya mabati. Jana usiku Moshi kaanza. Mlio ule ule, dirishani, kiuno juu. Mwanangu katandika khanga mlangoni kalala hapo, asije akapenya.

Baba watoto kasema, "Huyu tumwache. Mmoja ametosha." Namwelewa. Yeye ndiye aliyeendesha vespa ile, na mpaka leo hajalitaja jina la Kashata. Akipita pale kwenye kikapu hutazama upande mwingine. Nimemwambia sawa, tutazungumza.

Lakini asubuhi nimepita nyuma ya msikiti. Mama yao yule pale, kivulini, tumbo limeshuka karibu kuzaa. Mbavu zote unazihesabu. Nimempa vichwa vya samaki, kala kwa kutetemeka huku anatazama nyuma. Watoto watakuja, na kiroba kitatafutwa.

Kashata hakufa kwa ukatili wa mtu. Lililopaswa kufanywa lilifanywa, kwa mkono mzuri, kwa wakati wake, na tumempoteza. Nayashika yote mawili, wala sitaki mtu anipokonye moja ili lingine liwe jepesi. Nikimwacha Moshi azae, Kashata hatarudi. Watakaolipa ni wale watakaozaliwa.

Jumatatu, 22 Julai

Nimezungumza na baba watoto baada ya isha. Kanyamaza sana. Halafu kasema, "Akipelekwa, nitawapeleka mimi."

Nimempigia daktari. Sauti yangu ilitetemeka na yake pia. Tumekubaliana hivi. Moshi angojwe hali ile imwishe kabisa, na kwa sasa asitoke nje hata dakika, asije akapata panya wa sumu. Kabla ya kisu atolewe damu kidogo, itazamwe inaganda kwa muda gani, na isipoganda vizuri hapasuliwi. Awe wa kwanza asubuhi, ili mchana wote uwe wa kumwangalia. Usiku wa kwanza asirudi nyumbani, abaki kule kule, na mimi nilale hapo benchini, ufizi utazamwe kila saa.

Kakubali yote. "Mimi pia sitalala," kasema.

Naogopa. Nikifikiria lile benchi tumbo linanikata. Kitabu cha wateja nimekiwekea alama, wiki ile sipokei kazi.

Mwanangu nimemwambia kabla ya kulala. Kalia kwanza. Kisha kakaa kitako, kauliza kama na yeye ataruhusiwa kulala kule, maana Moshi akizinduka atamtaka yeye, si mimi. Nimemwambia kesho akitoka skuli ampigie daktari amwombe mwenyewe.