Gari Moshi la Bati na Kumbukumbu za Taifa

Wako watu wadhanio kwamba mchezo ni mambo ya watoto tu, na kwamba mtu mzima akionekana ameinamia kitu cha kuchezea, basi ama amekosa kazi ama amepungukiwa na akili. Sisi hatukubaliani na wazo hilo. Katika insha hii twataka kuonyesha kwamba kitu kidogo kilichoundwa kwa mfano wa kitu kikubwa chaweza kuwa ghala la maarifa ya taifa, na kwamba jamii isiyojiwekea maghala ya namna hiyo hupoteza mengi bila ya kutambua.

Yaliyotufikisha katika fikra hizi tuliyaona Uingereza, tulipopelekwa huko kwa mafunzo mafupi ya utunzaji wa kumbukumbu za serikali. Jumamosi moja, katika ukumbi wa kanisa wa mji mdogo, chama cha wapenzi wa magari moshi ya kuchezea ya zamani kiliwafungulia watu wote milango. Tulikwenda kwa udadisi tu. Tulikuta meza ndefu zimeunganishwa, juu yake pametandazwa reli zinazozunguka, na kando yake wamesimama wazee wenye mvi, makoti yao yakinukia mafuta ya mashine. Mwenye kutaka chai alipata chai, na mwenye kutaka kuuliza aliulizwa kwanza ametoka wapi.

Magari yale yalikuwa ya bati lililopakwa rangi, na mengi yalitoka katika kiwanda cha Frank Hornby wa Liverpool. Huyu ndiye aliyebuni, mwaka 1901, vipande vya chuma vya kuunganisha ambavyo baadaye viliitwa Meccano. Na mwaka 1920 akaanza kuuza magari moshi ya watoto. Kiwanda chake cha Binns Road kilifungwa mwaka 1979, lakini kazi ya mikono ya wafanyakazi wake ilikuwa bado ikikimbia mbele ya macho yetu, juu ya reli zenye upana wa milimita 32.

Mengi ya magari hayo hayakutumia umeme. Ndani yake mna kamani kama ya saa, nayo hukazwa kwa ufunguo. Hapo ndipo tulipoanza kuona kwamba mchezo ule una elimu yake. Mwendeshaji hana budi kukadiria idadi ya mizunguko ya ufunguo kwa kuzingatia uzito wa mabehewa na urefu wa njia. Akizidisha, treni hulipita stesheni. Akipunguza, hukwama njiani. Mzee mmoja alikadiria kwa kusikiliza tu sauti ya kamani inavyokazwa, na kila mara treni yake ilisimama ukingoni mwa jukwaa. Kisha akampa mjukuu wake ufunguo. Mtoto alikosea mara tatu, na mzee hakumnyang'anya.

Meza ya pili ilikuwa na kengele ndogo. Kabla ya treni kuondoka upande mmoja, mwendeshaji aligonga kengele kwa hesabu maalumu, na mwenzake wa upande wa pili akajibu kwa hesabu ile ile. Tulielezwa kwamba hivyo ndivyo walinzi wa ishara wa reli za nchi ile walivyoarifiana zamani, ili treni mbili zisikutane katika njia moja. Kengele zile zilikuwa lugha ya kazi, na lugha hiyo ilikuwa ikisemwa katika ukumbi ule na watu ambao baadhi yao waliisema walipokuwa kazini.

Hata mabishano yao yalikuwa na maana. Wawili walikuwa wakibishana juu ya injini moja iliyobabuka rangi. Wa kwanza alitaka ipakwe upya ing'are kama siku ilipotoka dukani. Wa pili alipinga, akasema kwamba mikwaruzo ile ni ushahidi wa watoto walioichezea, na kwamba rangi mpya itaufuta ushahidi huo milele. Sisi, ambao kazi yetu ni kutunza majalada, tulimwelewa sana huyu wa pili.

Nchi hiyo hiyo ina mfano mkubwa zaidi wa jambo tunalolisema. Mwaka 1925 kijana mmoja wa Australia, Roye England, alifika Uingereza, akavutiwa na nyumba za vijijini zilizoezekwa kwa nyasi. Alipoona nyumba hizo zinabomolewa na kubadilishwa, alikata shauri kuziunda upya kwa udogo, nyumba kwa nyumba, kila futi moja ikiwa milimita 4. Kazi hiyo ilizaa makumbusho ya Pendon, yaliyoanzishwa mwaka 1954 katika kijiji cha Long Wittenham. Wageni wa leo huona humo mashamba, bustani na reli za miaka ya 1920 na 1930.

Hapo msomaji aweza kutuuliza: Hayo ni ya Waingereza, yatuhusu nini? Tena, reli yetu wenyewe si kitu kilicholetwa na mkoloni kwa faida yake?

Swali hilo ni la haki. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wadachi kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule wa kuanza kwa Vita vya Maji Maji. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Haikujengwa kwa ajili yetu. Lakini waliochimba udongo na kubeba vyuma walikuwa watu wetu, wakiwamo Wanyamwezi wengi, ambao baba zao walikuwa wameikanyaga nchi hiyo kwa miguu katika misafara ya kwenda pwani. Kuisahau reli ni kuwasahau wao pia. Mfano wa reli wenye injini inayong'ara usio na hata mtu mmoja mwenye sururu ni mfano wa uongo.

Leo nchi yetu ina reli za vipimo vitatu: ile ya kikoloni yenye upana wa milimita 1,000, ile ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye milimita 1,067, na ile ya umeme yenye milimita 1,435, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Mwanafunzi akiunda vipande vitatu vya njia hizo kwa waya na kuviweka sambamba, atakuwa amejiundia somo zima la historia.

Wala ustadi huo si mgeni kwetu. Sisi tuliokulia Tabora miaka ya sabini tuliunda magari moshi kwa makopo ya samaki yaliyofungwa kwa kamba, na magurudumu ya ndala zilizochakaa. Tuliiga mlio wa injini hata mama zetu wakatukemea. Tofauti yetu na wazee wa ukumbi ule ni moja: magari yao yalitunzwa, ya kwetu yalikwenda jaani.

Na injini zenyewe je? Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, zimo injini mbili za mvuke zilizosalia kati ya 34 zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Kila moja ina uzito wa tani 252. Moja yaitwa Gelai, ya pili Shengena. Hiyo ni milima ya Tanzania, mmoja karibu na Ziwa Natron, mwingine katika Upare. Imo pia injini ndogo kuliko hizo iitwayo Nyaturu, jina la watu wa Singida. Jirani yetu ameyatunza majina yetu, nasi twapaswa kumshukuru. Lakini twapaswa pia kujiuliza ni wanafunzi wangapi wa Singida wanaojua habari za injini hiyo.

Tuliporudi nyumbani tulimsimulia haya mpwa wetu, ambaye ni mwalimu wa sekondari karibu na stesheni moja ndogo ya Reli ya Kati. Aliwaongoza wanafunzi wake kuiunda stesheni hiyo kama ilivyokuwa zama za mvuke, kwa udongo, maboksi na waya. Kwa kuwa hapakuwa na picha, waliwaalika wastaafu wawili wa reli. Wazee hao waliafikiana katika kila jambo isipokuwa moja: tangi la maji ya injini lilisimama upande gani? Mmoja alisema mashariki ya jukwaa, mwingine magharibi, na hakuna aliyekubali kushindwa. Ndipo binti mmoja alipokwenda kufyeka nyasi, akarudi mbio.

"Shikamoo babu," alisema, "mbona huku magharibi pana msingi wa zege?"

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu yule aliyeshindwa, na baada ya kimya kidogo akaongeza, "Basi ndiyo maana soko liko pale."

Akaeleza kwamba treni ilisimama kwa muda mrefu ikinywa maji, na akina mama walikuja na asali, karanga na mahindi kuwauzia abiria wa mabehewa yaliyokuwa karibu. Injini za mvuke zilikwisha, tangi likaondolewa, lakini soko lilibaki pale pale hadi leo. Kijiji kizima kilikuwa kikinunua na kuuza kila siku mahali hapo, wala hakuna kijana aliyejua sababu. Maarifa hayo yalikuwa katika kichwa cha mzee mmoja, nayo yasingetoka kama watoto wasingekuwa na udongo mkononi na swali la kuuliza.

Kwa hiyo, ndugu walimu, tusingoje fedha wala majengo. Waya upo, udongo upo, makopo yapo. Vitu ambavyo havitatungoja ni wazee wetu. Kila shule iliyo kando ya reli, bandari, kiwanda cha mkonge au kinu cha pamba na iunde mfano wa mahali pake, na iwaite waliofanya kazi hapo waukosoe. Wakibishana, msiwanyamazishe, andikeni majina yao, tarehe na maneno ya kazi waliyoyatumia. Kisha mfano ukikamilika, fungueni milango ya darasa siku moja, watu wote waingie waone.