Samaki wawili wa Ziwa Tanganyika, sebuleni Katumba

Swali ninaloulizwa na kila mgeni anayeingia kwetu ni hili: "Hivi hawa samaki mtawala lini?" Haya bwana, leo nawajibu wote kwa mpigo. Hawaliwi. Hata ukiwakaanga wote wawili hawatoshi kushushia tonge tatu za ugali. Mkubwa wao hafiki sentimita 7.

Wapo wenzetu duniani wanaofuga gobi wa baharini kwenye tangi dogo la matumbawe. Gobi ni kisamaki cha chini, na baadhi yao huishi shimo moja na kamba: kamba anachimba, gobi analinda mlango. Raha tupu kuwatazama. Ila tangi la namna hiyo linataka maji ya chumvi ya kupimwa na taa maalumu, na mimi ni mwandishi wa redio. Kutoka Mpanda hadi baharini ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara.

Lakini sisi tuna ziwa letu, na ziwa hilo lina "gobi" wake. Kwa ukoo si gobi, ni ndugu wa sato na perege. Wanaishi ukingoni penye mawe, pale mawimbi yanapopiga. Kibofu chao cha hewa kimepungua, hivyo hawaelei ovyo. Wanarukaruka juu ya mawe kama vyura. Wangu wanaitwa Tanganicodus irsacae. Mbelgiji Max Poll ndiye aliyewapa jina hilo mwaka 1950, akiienzi IRSAC, taasisi ya utafiti ya Kongo ya wakati ule. Nimewapata Kigoma kwa mtu mwenye kibali.

Kuwafuga si mchezo. Maji ya Tanganyika ni magumu na yana alkali, pH inapita 8, kwa hiyo naweka mawe ya chokaa. Joto liwe kama nyuzi 25 au 26. Kila wiki nabadilisha sehemu ya maji. Kubwa kuliko yote ni hewa: samaki wa mawimbi amezoea maji yenye oksijeni nyingi, na umeme ukikatika usiku mimi ndiye ninayeamka kuwasha pampu ya betri. Halafu wafuge dume na jike tu. Ukimwongeza wa tatu, atapigwa mpaka afe.

Aliyenifanya niandike haya ni babu yangu. Alizaliwa Rumonge, kandokando ya ziwa hilohilo upande wa Burundi, akakimbia mauaji ya mwaka 1972 akiwa kijana. Katumba ilipofunguliwa mwaka 1973 akapewa shamba hapa, msituni. Mwanzoni tangi langu alilipita kama hajaliona.

Mwezi uliopita jike alitaga. Samaki hawa hulea mdomoni. Jike huanza kuyabeba mayai, na baada ya siku kadhaa huwakabidhi watoto kwa dume, naye awabebe mpaka waweze kujitegemea. Watafiti wa Kijapani waliliandika jambo hilo mwaka 1989. Nilimwita babu aone. Alikaa pale karibu saa nzima, dume akiwa amevimba mashavu, hali chochote.

Nikamweleza na hili: samaki wa mawe haendi mbali. Ufukwe mrefu wa mchanga kwake ni kama ukuta, ndiyo maana wa ghuba hii wanaweza kutofautiana rangi na wa ghuba ile. Babu akacheka. Akanikumbusha miaka ambayo kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, hata kama unakwenda kumzika ndugu. Akanikumbusha pia uraia: kwanza ikasemwa watakaoupata watahamishiwa mikoa mingine, watu wakaishi na wasiwasi, wengine wakaacha hata kuezeka nyumba. Baadaye mpango ule ukaachwa, na mwishoni mwa 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Cha kwake kiko kwenye sanduku la bati, kimefungwa kwenye nailoni.

"Sasa mjukuu wangu," akaniuliza, "hawa wadogo wakikua tutawarudisha ziwani?"

Nikamjibu hapana. Samaki aliyezaliwa kwenye tangi anaweza kupeleka ugonjwa ziwani, na ukikosea ufukwe utachanganya koo zisizokutana. Nilijibu kama mtaalamu. Kisha nikamwona anavyonitazama, nikajua hakuwa anauliza habari za samaki peke yake.

Hajarudi Rumonge tangu 1972. Nimemuuliza kama anataka nimpeleke, tuione nyumba ilipokuwa. Bado hajanijibu, nami sitamharakisha. Jana lakini aliniagiza nimletee mawe mengine ya chokaa nikitoka kazini Mpanda. Anasema watoto wametoka mdomoni, wanne aliowahesabu yeye mwenyewe, na hawana mahali pa kujificha.